Kushusha gia bila gari kushtuka

SWALI: Nina gari la michezo la gia za mkono linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Ninaposhusha gia nikiikaribia kona, gari hushtuka na mkia hutaka kuteleza. Kosa langu ni lipi?

JIBU: Ndugu msomaji, unaachia klachi wakati injini ingali inazunguka polepole kuliko gia mpya inavyohitaji. Tuseme uko gia ya nne kwa mizunguko 3,000 kwa dakika. Kwa mwendo uleule, gia ya tatu huenda ikadai karibu 4,000. Pengo hilo lisipozibwa na mafuta, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayolazimika kuivuta injini, na yakiwa tayari yamelemewa na breki hupoteza mshiko.

Dawa yake ni kupiga resi kidogo klachi ikiwa imekanyagwa. Kwa kuwa mguu wa kulia unashika breki, weka sehemu ya mbele ya unyayo juu ya breki, kisha ulaze ukingo wa nje wa mguu uguse pedali ya mafuta. Mbinu hii huitwa kwa Kiingereza "heel-and-toe", yaani kisigino na kidole, lakini licha ya jina hilo si lazima utumie kisigino. Ugumu hasa, na hapa wengi hukosea, ni kutobadilisha mkandamizo wa breki mguu unapopinda. Zoea kwanza gari likiwa limezimwa, halafu ujifunze kupiga resi bila breki, ndipo uviunganishe, mahali pasipo na magari mengine.