Kizuka na Vitabu Vyake

Siku ya tano ya eda yangu ya kufiwa na mume, mtu aliniletea kitabu. Wengine walikuja na sukari, mchele na maneno ya subira. Huyu jirani yetu hapa Wete, mwalimu mstaafu, alikitoa ndani ya buibui kama anayepitisha karafuu za magendo, akakisukuma chini ya mto wangu. "Soma, mwanangu. Siku zenyewe nyingi hizi."

Ni nyingi kweli. Miezi minne na siku kumi, kwa mwezi mwandamo, ni kama siku 128. Wageni wakishapungua unabaki na feni na dari.

Kitabu kilikuwa Utendi wa Mwana Kupona. Niliusoma skuli, nikakariri beti za mtihani, na kimoyomoyo nikamchukia bibi yule anayemfundisha bintiye kumtumikia mume kila saa. Tulifundishwa vina na mizani. Labda tuliambiwa na mengine, lakini ukiwa na miaka kumi na sita husikii. Safari hii nilisikia: mwaka 1858 mwanamke huyu alikuwa mgonjwa, amefiwa na mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, miaka miwili nyuma, na binti yake bado kijana. Jina lake Kupona, naye hakupona. Kumbe nilikuwa namsoma kizuka mwenzangu, mjane kama mimi.

Pana mahali anamwambia binti kwamba babake, kifo kilipomfikia, alimkariria yeye mkewe radhi. Hapo nilikifunga kitabu.

Mume wangu alitoka asubuhi kwenda shamba, akarudishwa saa nne amebebwa. Hatukuagana. Na wiki ile tulikuwa tumenuniana kwa ajili ya ada ya mtoto, jambo dogo mpaka naona haya kuliandika. Wanawake mkekani walikuwa wakinipoza: "Alikuwa radhi nawe, usiwe na shaka." Mimi shaka ninayo. Siku zote zile nililia kama watu wanavyolia msibani. Kwa ubeti ule nililia kwa sababu yangu mwenyewe. Basi nawaambia mlio na waume zenu hai: ombaneni radhi leo, kabla ya futari, kabla ya safari ya boti, hata mkicheka. Msingojee kitanda cha hospitali. Wengine hatupewi kitanda.

Lakini swali jingine lilinikaa kooni. Katika utendi ule radhi inatoka kwa mume kwenda kwa mke. Ya mke je? Nilimuuliza ustadhati wa darsa letu alipokuja kunitazama. Akanifungulia Sura ya Baqara, aya ya 228, ileile inayotaja eda ya mwanamke aliyeachwa, akanionyesha inaposema wanawake wana haki mfano wa zile zilizo juu yao. Nikatabasamu. Akaniwekea kidole mstari unaofuata, unaotaja daraja ya wanaume. "Usikate aya katikati kwa kuwa umependa mwanzo wake." Tangu hapo hivyo ndivyo ninavyosoma, hata magazeti.

Kusoma kulinisaidia pia kujua kipi ni dini na kipi ni mazoea yetu. Shangazi yangu alifunika kioo cha kabati, akanikataza kuchana nywele na kupokea simu ya mwanamme yeyote. Katika kitabu kidogo cha fiqhi ya Kishafii sikukikuta kioo. Nilikuta kuacha manukato na mapambo, kutoposwa wala kuolewa, kulala nyumbani. Na kwamba mwenye haja ya lazima anaweza kutoka mchana. Nilikuwa na karatasi za marehemu za kufuatilia, nikatoka, nikarudi kabla ya adhuhuri. Kioo nilikiacha kimefunikwa. Shangazi amezika waume wawili. Sikuona faida ya kumshinda kwa hoja katika nyumba yenye msiba.

Kitabu cha pili ndicho kilicholeta kelele. Kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar. "Huyo si alitoka katika dini?" Shangazi akauliza. Ndiyo, alibatizwa Aden mwaka 1867, na mimi hilo linaniuma. Nilimsoma hata hivyo. Mtoto wa kasri la Mtoni, Unguja, aliyezaliwa 1844, watoto wa kike wakifundishwa kusoma tu. Yeye akajifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1870 mumewe Mjerumani akafa kwa ajali ya tramu Hamburg, akamwachia watoto watatu wadogo. Kitabu chake kilichapishwa 1886, lakini alianza kukiandika kwa ajili ya wanawe, akidhani hatoishi kuwaona wakikua.

Nilimfikiria sana katika baridi ile, hana mkeka wa wanawake, hana wa kumwambia kula, wala wa kumfunikia kioo. Mimi nilikuwa nimeshaanza kunung'unika kwamba nyumba haipungui watu. Jioni ile nilitoka chumbani nikakaa na Shangazi, tukamenya muhogo pamoja.

Ukitaka kusoma habari za mauti, zisome ukiwa mzima, na usizisome peke yako usiku. Mpate mtu wa kumuuliza. Na kuna ambayo kitabu hakikupi: nilijua kwa kusoma kwamba mwanamke hukafiniwa kwa nguo tano, lakini nilipotoka eda nikaomba kufundishwa kuosha maiti, mikono yangu haikujua hata pa kuanzia. Ilijua kutetemeka tu.

Sasa nina daftari. Namwandikia binti yangu wa miaka kumi na tano, kwa Kiswahili cha kawaida, vina sina. Nani ananidai na ninamdai nani. Sanda yangu iko sanduku gani. Namna nilivyonuniana na babake wiki ile, na kwa nini.

Juzi nimekuta amelisoma kwa kuiba. Pembezoni ameandika kwa penseli: "Na wewe Mama, ulimpa Baba radhi?"

Nimemwachia mistari mitatu mitupu chini yake. Bado naitazama.