Antena moja ya FM, redio tatu: ninunue busta?

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Makorora, Tanga. Nimefunga antena ya FM juu ya paa na kuiungia redio tatu kubwa, zile zenye tundu la antena nyuma: ya sebuleni, ya chumbani kwa mama na ya jikoni. Nyaya nimezisokota pamoja na kuzifunga nailoni. Redio ilipokuwa moja, stesheni za kutoka Pemba na Unguja zilikuwa safi. Sasa zote tatu zinakwaruza, na mama analalamika taarabu yake haisikiki. Ninunue busta gani?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Pesa ya busta, yaani kifaa cha kukuza mawimbi, iweke kwanza, kwa sababu kosa liko kwenye hicho kifundo ulichosokota. Waya wa dishi na tundu la redio vimetengenezwa kwa omu 75 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Ukiunga redio tatu kwa kusokota, antena inakutana na omu 25 tu, na sehemu ya mawimbi inarudishwa juu badala ya kuingia redioni. Busta haitibu hilo.

Kata kifundo, weka splita, yaani kigawanya mawimbi. Soma ubavuni mwake: ikiandikwa 5–1000 MHz inafaa, maana FM iko 87.5 hadi 108. Ikianzia 950 hiyo ni ya dishi peke yake, iache dukani. Splita ya njia nne hupunguza kama desibeli 7 (kipimo cha nguvu ya mawimbi) kila njia. Njia ya nne usiyoitumia izibe kwa kizibo cha omu 75.

Na ukifungua ile nailoni, tazama shaba. Huku kwetu pwani mara nyingi utaikuta imeota kijani na wavu wa waya umekuwa unga mweusi, kwa sababu nailoni hufungia ndani unyevu wa chumvi. Kata mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, funga kwenye ncha za waya vichwa vya kuunganishia vinavyokazwa kama skrubu, na splita iweke ndani ya nyumba. Waya unapoingia dirishani, uache uning'inie kidogo chini ya tundu ili maji ya mvua yadondokee nje.

Halafu pima. Chomeka redio moja tu kwenye waya wa antena, bila kupitia splita. Ikiwa safi, lakini kupitia splita inakwaruza, hapo busta ina kazi. Chukua ndogo, desibeli 10 hadi 15 zinatosha. Kubwa zaidi hulemewa na mitambo ya kurushia matangazo ya hapa mjini, ukasikia stesheni moja imejitokeza mahali pasipo pake. Hakikisha inashika FM, kwani ziko zinazoshika UHF ya televisheni tu. Ifungwe mlingotini karibu na antena, na kifaa chake cha umeme kikae kabla ya splita.

Ikiwa hata hiyo redio moja inakwaruza, busta itakuza mkwaruzo pamoja na sauti. Hapo pandisha mlingoti juu zaidi ya bati, na ubavu wa antena uelekeze baharini.