Kufunga Vikinga Mvua vya Madirisha kwenye Pikapu: Niliyojifunza Baada ya Kupoteza Kimoja Chalinze

Kila wiki ninapotoka Morogoro mjini kupanda Mgeta kuchukua mboga, hukutana na mvua ya Uluguru, ambayo haina miadi na mtu. Gari langu ni Hilux ya milango minne, ile ambayo wengi wetu huiita Vigo, na kiyoyozi chake kiliacha kupoza siku nyingi. Dereva anayepanda mlima katika hali hiyo hana raha: akifungua dirisha analowa bega pamoja na swichi za mlango, na akilifunga analazimika kufuta ukungu wa kioo cha mbele kwa kiganja huku kona zikimjia. Vikinga mvua vya madirishani, vile vipande virefu vya plastiki vinavyokaa juu ya kioo cha mlango, ambavyo wauza vipuri huviita vaiza, vimeniondolea adha hiyo. Nashusha kioo upana wa vidole viwili, hewa inazunguka, ukungu unatoweka, na maji yanateleza kwa nje.

Hata hivyo, seti ninayoitumia leo ni ya pili. Ya kwanza nilifungiwa kando ya barabara na kijana mmoja kwa muda usiozidi dakika kumi, mara tu baada ya manyunyu kupita. Alifuta fremu za milango kwa kitambaa kilekile alichokuwa amepakia polishi kwenye gari la jirani, akabandua karatasi ya gundi, akabandika, akapiga ngumi mbili tatu kwa juu, akaniambia, "Bosi, tembea tu, hiyo haibanduki mpaka siku unaliuza gari." Kesho yake nilielekea Dar es Salaam. Nilipoipita Chalinze nilisikia mluzi upande wa abiria, mluzi ukageuka kuwa mpapatiko, kisha kimya. Katika kioo cha pembeni niliona kipande cheusi kikiruka na kuishia chini ya matairi ya lori lililokuwa nyuma yangu.

Niliposimama nilijaribu kile cha upande wangu kwa vidole viwili, nacho kikaachia bila ubishi wowote. Niliigeuza tepu yake na kuitazama vizuri. Bado ilikuwa inanata, lakini uso wake wote ulikuwa na utando mweupe uliochanganyika na vumbi jekundu. Tepu haikuwa imegusa rangi ya gari hata kidogo. Ilikuwa imeshika polishi, na polishi ndiyo iliyoachia. Tangu siku hiyo sikubali mtu anifungie vikinga hivi kwa haraka, kwani kazi yenyewe ya kubandika ni ndogo sana, na sehemu kubwa ya muda huenda kwenye kusafisha na kungoja.

Kabla ya kununua, hakikisha kwamba unajua gari lako ni la toleo gani. Hilux iliyotoka kati ya 2004 na 2015 ina milango yenye umbo tofauti na ile iliyoingia sokoni mwaka 2015, na muuzaji atakayekuambia kwamba "zote ni Hilux, zinaingia" anataka tu kufunga mauzo. Vilevile, vikinga vya kebini moja si vya milango minne. Kiweke kikinga juu ya mlango pale pale dukani kabla hujatoa hela. Kikilala chenyewe kwenye mkunjo wa fremu, kinakufaa. Kikihitaji kusukumwa kwa nguvu ili kikae, ujue kwamba tepu itakuwa ikivutwa usiku na mchana, na mwisho wake itachoka.

Kuna aina mbili. Ya kwanza hupachikwa ndani ya mfereji wa raba ambamo kioo hupita, na ya pili hubandikwa kwa nje, kwenye bati la fremu juu ya kioo, kwa tepu nene ya gundi ya pande mbili. Ile ya kupachikwa inapendeza na haihitaji gundi nyingi, lakini inaukaba mfereji. Kwenye magari ambayo dirisha la dereva hupanda lenyewe kwa mguso mmoja, mota inaweza kuhisi ukinzani huo ikadhani kuna mkono umebanwa, na kioo kikarudi chini. Dawa yake huwa ni kuviacha vioo vikiwa vimefungwa siku mbili au tatu ili raba izoee, na kupulizia silikoni kwenye mfereji, wala si mafuta ya injini, ambayo huharibu raba. Kwa gari la zamani ambalo raba zake zimeshachoka, mimi nachagua ya kubandika bila kusita.

Tuje kwenye usafi, ambako mimi niliharibikiwa. Anza kwa maji na sabuni ya kawaida, suuza, kausha, kisha usidanganyike na mng'ao unaouona. Polishi haiondoki kwa sabuni. Inaondolewa kwa spiriti, na hapa kuna mtego: spiriti ya dukani inayotumika kusafishia ngozi na vidonda wakati mwingine huchanganywa na mafuta ya nyonyo, ambayo yatakurudisha palepale kwenye utando. Tafuta ile inayoitwa isopropili, isiyo na kitu kingine ndani yake ila maji. Kama famasi hawana, waulize mafundi simu, maana wao huitumia kila siku kusafishia saketi. Petroli huacha mafuta yake, na tina, ile ya kuyeyushia rangi, hula rangi ya gari na inaweza kuitia nyufa plastiki ya kikinga chenyewe, kwa hiyo usiziguse kabisa. Tumia kitambaa cheupe, futa kwa mwelekeo mmoja, geuza upande safi, futa tena. Mimi nilibadilisha vitambaa vitatu kwa mlango mmoja kabla ya kitambaa kutoka kikiwa cheupe kama kilivyoingia, na ukifika hapo usiguse tena sehemu hiyo kwa kidole, kwani jasho la Morogoro nalo ni mafuta.

Joto lina nafasi yake. Watengenezaji wa tepu hizi hushauri zibandikwe kwenye nyuzi joto kati ya 21 na 38, nasi huku chini hatuna shida ya baridi. Shida yetu ni bati lililoachwa juani mpaka haliguswi, ambapo spiriti hukauka kabla hujaifuta. Fanya kazi kivulini, asubuhi. Ndugu zangu wa Njombe na Makete wana tatizo la kinyume katika miezi ya Juni na Julai. Wao walipashe bati joto kwanza kwa mashine ya kukaushia nywele.

Kabla ya kubandua karatasi yoyote, jaribu kikinga kikavu, mlango ukiwa wazi na ukiwa umefungwa, uone kwamba hakigusi ukingo wa paa wala raba. Kishikilie kwa vipande vya tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, ili uwe na alama ya kurudia. Mimi huanza na milango ya nyuma, kwa sababu vikinga vyake ni vifupi na mkono hupata uzoefu. Ukikosea, heri ukosee nyuma. Bandua karatasi ya kinga kiasi cha urefu wa kidole katika kila ncha, ikunje itokeze nje, kisha weka kikinga kwenye alama zako na ubonyeze ncha hizo mbili. Ukiridhika, vuta karatasi iliyobaki polepole ukiifuata kuelekea katikati, huku mkono mwingine ukibonyeza nyuma yake. Ukishabandika, usibandue ili urekebishe, kwa sababu tepu iliyobanduliwa hairudi na nguvu zake. Bonyeza kila sehemu kwa kidole gumba kwa nusu dakika nzima. Kwa seti ya milango minne utaumwa na vidole, na ikiwa huumwi, pengine hukubonyeza.

Baada ya hapo, gari lipumzike. Tepu ya povu ya akriliki iliyo nzuri, yaani ile nene ya pande mbili, hupata kama nusu ya nguvu yake ndani ya dakika 20, asilimia 90 baada ya saa 24, na yote baada ya saa 72. Mimi nilifunga Ijumaa jioni, nikaliacha gari mpaka Jumatatu, vioo vikiwa juu, bila kuoshwa na bila safari. Mke wangu aliniuliza kama gari limeharibika.

Kuhusu matumizi, nina tahadhari chache. Vikinga vyeusi sana vya milango ya mbele vinaweza kuingia kati ya jicho lako na kioo cha pembeni, hasa usiku, kwa hiyo kaa kwenye siti ya dereva na uangalie wakati bado unajaribu kikavu. Unapoegesha juani, uwazi wa kidole kimoja unatosha kutoa joto bila watu wa nje kuuona kirahisi. Ukiacha zaidi ya hapo mjini, unamkaribisha mwenye waya wa kuvutia kitasa. Na kwenye kuoshea magari, mwambie mwenye mashine ya maji asielekeze mdomo wa bomba kwenye ukingo wa tepu kwa karibu.

Kama gari lilikuwa na vikinga vya zamani, usivichokonoe kwa bisibisi. Pasha joto kwa mashine ya nywele, pitisha mshipi wa kuvulia samaki nyuma yake, na ukate tepu kwa kuvuta huku na huku kama msumeno. Mabaki ya gundi husuguliwa kwa kidole, yanajiviringisha yenyewe. Yaliyokaidi huondolewa kwa mafuta ya taa kidogo, ikifuatiwa na sabuni, kisha isopropili kama ilivyoelezwa.

Kila ninapoosha gari napitisha ukucha kwenye ukingo wa vikinga. Masika iliyopita ncha ya nyuma kushoto ilikuwa imeinuka kama sentimita mbili, na jirani akaja na supaglu yake. Nilimshukuru nikakataa, kwa sababu gundi ile ikishakauka huwa ngumu, haiendi na mtikisiko wa mlango, na ukitaka kuitoa inaondoka na rangi. Nilikata kipande kilichoachia kwa wembe, nikasafisha pande zote mbili, nikaweka tepu mpya ya urefu uleule, nikaibana kwa tepu ya karatasi usiku kucha.