Saa tatu ya nani? Ushauri wa mtengeneza websaiti aliyeamshwa usiku

Simu iliita saa nane na dakika kumi na kitu usiku. Mimi nalala na simu ikiwa na sauti, ni ugonjwa wa hii kazi, na nilipoona jina la mama mwenye saluni, niliyemtengenezea websaiti ya wateja kuweka miadi, nikajua moja kwa moja imeanguka. Haikuanguka bwana. Ilikua inafanya kazi vizuri kabisa na hapo ndo palipokua na shida.

"Mwanangu," akasema, kwa ile sauti ya mtu mzima anayejizuia, "hivi umewaandikia nini wateja wangu?"

Niliwaandikia hivi: "Habari mpendwa, tunakusubiri saa 3:00. Usichelewe." Meseji inajituma yenyewe saa moja kabla ya miadi. Sasa kuna dada mmoja, mke wa mtu, aliweka nafasi ya kusuka saa tatu asubuhi. Kwenye fomu yangu akakuta 3:00 AM, akaona AM si ndo asubuhi, akabonyeza. Kompyuta haina habari na saa zetu, kwake 3:00 AM ni saa tisa usiku, kwahiyo ilipofika saa nane kamili usiku simu ya mke wa mtu ikalia pembeni ya mto na wa kwanza kuisoma akawa mume. Namba ngeni, mpendwa, tunakusubiri, usichelewe. Yule baba akapiga namba iliyokua chini ya meseji, akapokea mama mwenye saluni kalala zake hana hili wala lile, anaambiwa ampe simu huyo mwanaume.

Naandika hii kwa sababu kila wiki kuna kijana ananitumia meseji anauliza kaka nataka kuwa divelopa, yaani mtengeneza programu, nianze na lugha gani ya kompyuta, JavaScript au PHP. Mdogo wangu, anza na yoyote. JavaScript yenyewe Brendan Eich aliiandika kwa siku 10 tu mwezi Mei 1995, mimi fomu ya saluni imenichukua wiki tatu na bado imevunja usingizi wa ndoa ya watu. Lugha utajifunza. Kitakachokutesa ni kwamba ukikaa mbele ya laptopu unageuka mtu wa nchi nyingine. Mimi nimezaliwa hapa hapa Dar, tangu najua kusema nasema saa tatu asubuhi, saa nane mchana, sijawahi hata siku moja kumwambia mtu tukutane Mwenge saa tisa nikimaanisha saa tatu, ila nilipofungua kodi, yale maandishi ya kuiamuru kompyuta, nikaandika AM na PM kama vile wateja wa Sinza wanaishi Chicago.

(Na kwa wasiojua, ndio, tunaita kodi. Naandika kodi ili nilipe kodi ya nyumba. Mwenye nyumba nilishamweleza huo utani, hakucheka.)

Asubuhi yake nikaona suluhisho rahisi, naongeza masaa sita kwa kila miadi, yamekwisha. Saa yetu na ile ya kizungu si zinapishana sita, saa 1 asubuhi ni 7:00 AM, basi. Bahati nzuri kabla sijapandisha mtandaoni nikaangalia databesi, pale miadi yote inapohifadhiwa, vizuri, nikakuta mchanganyiko wa ajabu. Kuna waliobadilisha wenyewe kichwani wakachagua 9:00 AM, kuna waliochagua 3:00 AM, kuna mmoja alitaka saa nane mchana akachagua 8:00 PM, na huyo huwezi kumjua kwa kuangalia tu maana saa mbili usiku nayo mama anafungua saluni, hasa wikiendi. Ningeongeza sita kwa wote ningewaharibia hata waliokua sahihi. Ikabidi niende mwenyewe saluni na daftari, nikakaa kwenye kale kastuli ka kuoshea miguu, nikawapigia watu arobaini na kitu mmoja mmoja: samahani dada, ulimaanisha saa tatu ipi? Wengine walidhani nawatongoza.

Ila ile siku moja saluni ilinifundisha kuliko video zote nilizowahi kuangalia, na ushauri wangu wote wa leo umetoka kwenye kale kastuli.

La saa nilimaliza kwa kufuta AM na PM kabisa. Nikaandika kwa maneno, "saa 3 asubuhi", "saa 8 mchana", "saa 11 jioni", huko ndani databesi ikabaki na masaa yake 24, mtu asiyaone. Mistari michache tu ya kodi. Tangu siku hiyo hakuna aliyekosea, isipokua mimi, maana baadae nilihamia seva (kompyuta inayobeba websaiti) ya bei rahisi iliyoko Ulaya nikasahau kuiweka saa. Saa yake ilikua nyuma ya Dar es Salaam masaa matatu, kwahiyo ukumbusho wa saa mbili asubuhi ukawa unafika saa tano. Mtu ameshasukwa nusu kichwa simu inalia, "tunakusubiri, usichelewe". Mama mwenye saluni aliniangalia tu, hakusema kitu. Angesema ningejisikia vizuri zaidi.

Sasa nikiwa pale nimekaa, kuna dada yuko kwenye drayari anajaribu kufungua hiyo hiyo websaiti aonyeshe mwenzake mtindo. Simu yake kioo kimepasuka kuanzia kona hadi katikati, na kwenye hako kapande kazima naona kaduara kanazunguka. Kanazunguka. Akaipeperusha simu juu kidogo kama wote tunavyofanya, sijui tunadhani neti inakaa darini, bado kanazunguka. "Hii kitu inakula bando tu," akasema, akafunga, akarudi WhatsApp. Mimi nimenyamaza kama sio mimi. Jioni nikaenda kupima: picha za mitindo 12, kapiga kijana mwenye kamera ya maana, kila moja MB 6, nimezimwaga kama zilivyo. MB 72 kwa ajili ya kuangalia nywele! Mtu kanunua bando dogo atumie siku nzima, mimi nataka nimlie lote kabla hata hajaona bei ya kusuka. Kwenye laptopu yangu yenye waifai ilikua inafunguka chapu, ndo maana sikuwahi kujua. Nikazipunguza mpaka KB 150 hivi kila moja na hakuna hata mtu mmoja aliyesema picha zimeharibika, hata aliyezipiga.

Kwahiyo nunua simu mbovu. Naongea serious. Tafuta ile simu ya mtumba, memori ndogo, betri inakata ikifika asilimia 30, weka laini yenye bando dogo kuliko yote, na usimwambie mteja kazi imeisha mpaka ifunguke kwenye hiyo. Yangu naiita Bibi. Bibi akikataa, narudi mezani.

Na namba za simu jamani. Usihifadhi namba ya simu kama hesabu, ihifadhi kama maandishi. Sifuri ya mwanzo kwenye hesabu haina maana, kompyuta inaitupa, kwahiyo 07 inabaki 7 na meseji haziendi popote. Nilimtengenezea mzee mmoja wa duka la spea orodha ya wateja, tukaifungua kwenye Excel, sifuri zote zimeondoka, mzee akasema "kijana umezipeleka wapi sifuri zangu" kama vile nimetoka nazo mfukoni. Afu bado kuna anayeandika na +255, kuna anayeanza na 255 bila jumlisha, kuna anayeacha nafasi katikati. Pokea zote, zipange mwenyewe huko ndani. Usimpigie mtu kelele za rangi nyekundu kwamba namba yake sio sahihi wakati anaitumia miaka kumi na mama yake anampata.

Anwani ndo usiseme. Nilishawahi kuweka kisanduku cha posti kodi (ile namba ya posta ya eneo) na nikafanya kiwe cha lazima. Watu waliandika 0000, wakaandika 12345, mmoja akaandika "sina". Chini yake kwenye kisanduku cha maelezo ya ziada, ambacho nilikiweka ili tu pasiwe wazi, ndo kulikua na anwani zenyewe: shuka kituo cha pili, ingia na kichochoro cha msikiti, geti la bluu, ukifika ulizia kwa Mama Asha. Bodaboda anafika bila kupotea. Siku hizi hako kasanduku nakaweka juu na nakapa nafasi kubwa, hiyo posti kodi anayeijua ataiandika.

Kuhusu hela nitasema kidogo maana naumia. Chukua kianzio nusu kabla hujafungua laptopu. Hata kama ni shemeji, hasa kama ni shemeji. Na andikianeni hata kwenye WhatsApp kwamba kazi ni kurasa ngapi na marekebisho ni mara ngapi, maana "ongeza kidogo tu" haina mwisho, nina faili kwenye laptopu linaitwa logo_mpya_ya_mwisho_kweli_hii_ndo na baada yake yapo mengine manne. Domeini, yaani jina la websaiti, nayo weka ukumbusho wa kuilipia kila mwaka, mimi niliwahi kusahau ya mteja, websaiti ikapotea wikiendi nzima, nilimwambia tunafanya maboresho. Mungu anisamehe.

Na usipandishe kitu kipya mtandaoni Ijumaa jioni, kikiharibika wikiendi yako imekwenda. Hii kila mtu anaisema na kila mtu anaifanya.

Upande wa maisha, jiandae kwamba hakuna atakayeelewa unafanya nini. Mama yangu anawaambia watu "anatengeneza intaneti". Mei 2024 zile nyaya za chini ya bahari zilipokatika huko kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, neti ikasuasua karibu Afrika Mashariki yote, mama akanipigia akaniuliza kwa upole kabisa, "umeharibu nini mwanangu?" Mteja mmoja yeye akataka nimrudishie hela. Nikamweleza kuna waya umekatika baharini, inabidi meli iende ikauvute uungwe, akanyamaza kidogo afu akasema "sawa, ila ya kwangu si ungeiwasha kwanza".

Majirani nao. Unashinda ndani, taa inawaka mpaka saa tisa usiku, hupandi daladala asubuhi kama wenzio, ila Jumamosi unakula chipsi kuku. Pale kwetu Kijitonyama walishaamua mimi ni tapeli, wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mpaka mjumbe akaja kunisalimia, salamu ndefu hiyo, macho yapo kwenye laptopu. Nikamfungulia nikamwonyesha kodi, ambayo kwa mtu asiyejua inaonekana ndo uhalifu wenyewe, mistari ya kijani na njano kwenye kioo cheusi. Nikaona hapa najichimbia. Nikamfungulia websaiti ya saluni, picha za misuko, akatulia. Tangu siku hiyo ndo naitwa fundi wa kompyuta mtaa mzima, maana yake naletewa printa, redio, juzi kaletwa pasi. Niliitengeneza. Waya ulikua umelegea tu kwenye plagi, na kiukweli hakuna bagi, yaani kosa la kwenye kodi, niliyowahi kuitatua ikanipa raha kama ile pasi ilivyopata moto.

Yule baba tulikuja kuonana. Miezi miwili baadae nipo saluni nabadilisha bei za kwenye websaiti, akaja kumchukua mkewe, mama mwenye saluni kwa roho mbaya kabisa akaninyooshea kidole, "huyu hapa ndo alikua anamsubiri mkeo". Saluni nzima kimya, mpaka drayari naona ilizimwa. Akaniangalia kuanzia viatu, ana mikono ya kazi, mikubwa, ina grisi kwenye kucha.

"Kumbe ni wewe."

"Shikamoo."

"Marahaba. Meseji ilifika usiku wa manane, na inajituma yenyewe?"

Nikamwambia ndio baba, inajituma yenyewe. Akafikiria. Akasema ana gereji Ubungo, wateja wanaacha magari wiki mbili hawaji kuchukua, akataka kujua kama inaweza kuwatumia na wao, usiku usiku hivo hivo, walale vibaya. Nikamwambia inawezekana ila kuna kianzio. Akatoa hela hapo hapo akanihesabia, akaniambia niende kesho nikaone magari, saa tatu.

Sikuthubutu kuuliza ipi. Saa kumi na mbili asubuhi nilikua getini.