Usiichomeke hiyo Roland! Geuza nyuma usome kwanza

Omera, acha. Umeandika kwamba binamu yako amerudi kutoka Osaka na Roland CR-78, ile mashine ya midundo ya ngoma, imeshafika Kondele hapa Kisumu, na jioni fundi anakuja kuifunga plagi ya pini tatu. Mambo ya kuiunganisha na kompyuta na yale ya muziki wetu wa ohangla tutayafikia. Huyo fundi mwambie abaki kwake.

Mimi nilikuwa nayo hiyo hiyo. Shilingi 90,000, jasho la harusi nilizopiga kinanda mpaka alfajiri. Fundi wangu, na multimita yake shingoni kama daktari, alikata kichwa cha pini mbili bapa, akafunga cha pini tatu, akaniambia eti vitu vya Japani vinajirekebisha vyenyewe. Nikaamini, kwa sababu chaja ya simu hufanya hivyo: imeandikwa 100-240, popote unachomeka. Lakini CR-78 ni ya 1978! Ndani mna transfoma ya chuma na waya, haipimi chochote. Stima ya Japani ni volti 100, yetu 240. Transfoma inagawa vile ilivyozungushiwa waya kiwandani, basi palipotakiwa volti 10 panaingia 24, na yenyewe inachemka.

Wahenga wanasema ngoma ikivuma sana hupasuka. Yangu haikuvuma hata mara moja. Ilinguruma "mmmm" kama mzee aliyeshiba, taa zikawaka vizuri ajabu, kisha moshi na harufu ya omena iliyosahaulika jikoni. Fyuzi ya plagi? Ya ampia 13, ile ya pasi. Ilitulia tu ikitazama. Fundi naye akakunja waya zake: "Hii ilikuja ikiwa mbovu." Akadai 500 za kazi. Nikamlipa! Hapo ndipo huwa nashindwa kulala.

Kilichoungua ni pamoja na kichakataji, kile kinachoshika mipigo. Si kitu cha kuokota soko la Kibuye. Sasa mashine inazuia mlango wa studio usifungwe na upepo wa ziwa, na kazi hiyo inaiweza.

Kwa hiyo soma bamba la nyuma. Ikiandikwa 100V, tafuta transfoma ya kushusha 240 hadi 100. Si ile ya 110 inayouzwa kwa vitu vya Marekani, na usikubali kuuziwa stabilaiza. Hiyo inakurudishia 240 ile ile, imenyooka tu. Habari za hezi, yaani kasi ya mawimbi ya stima, usijali, Tokyo wenyewe wanatumia 50 kama sisi.

Kompyuta: haina MIDI, ile lugha ya ala kuongea na kompyuta, hiyo ilikuja 1983. Ohangla sikumbuki uliuliza nini.

Weka picha ya bamba hapa kabla ya jioni. Bamba, nimesema, si vile vibonye vya rangi vya mbele. Hivyo ndivyo vilivyonimaliza mimi.