Jozi Moja Yatosha: Kuchagua Soksi za Theluji Ukiwa Nairobi

Mwaka ukikaribia kuisha, huwa napigiwa simu zile zile. Mtu amealikwa na ndugu yake aliye Ujerumani, au kazi inampeleka Uswisi, na mwenyeji wake amemwambia kwamba wikendi watapanda mlimani kuteleza kwenye theluji. Koti ameazima, glavu amepata, kisha ananiuliza: "Na soksi je? Nivae ngapi?"

Vaa jozi moja. Najua jibu hilo haliaminiki kwa urahisi. Sisi wa Nairobi baridi ya Julai tunaishinda kwa kuvaa nguo juu ya nguo, na ni vigumu kumwambia mtu kwamba huko kwenye theluji yenyewe apunguze. Mimi pia sikuamini, mpaka miguu yangu iliponilazimisha.

Wapo pia wanaouliza Mkenya na theluji wapi na wapi. Hao huwakumbusha Philip Boit, aliyekimbia kwa skii katika Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho, na bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamngoja pale mwishoni ili amkumbatie. Miaka 20 baadaye, kwenye Olimpiki ya Pyeongchang, Korea Kusini, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, akaiwakilisha Kenya katika skii ya kuteremka milima. Kwa hiyo njia imeshafunguliwa. Tuzungumzie soksi.

Mdogo wangu anaishi Innsbruck, huko huko Austria. Nilipomtembelea mara ya kwanza, ilikuwa Februari, nilibeba kutoka Buruburu soksi nene za pamba, na soksi ndefu za mpira wa miguu za kuvaa juu yake. Asubuhi nilizivaa zote mbili tukiwa bado tunakunywa chai, nikaketi nazo ndani ya basi lenye joto, tukapanda hadi kwenye barafu ya Stubai, ambako vilele vinapita mita 3,000. Buti za kukodi ni za plastiki ngumu, hazinyumbuki kama kiatu cha kawaida. Nililazimisha mguu ukaingia, nikakaza vile vifungo, nikaona niko salama kabisa.

Haikupita nusu saa, vidole vikaanza ganzi. Tulipopanda kile kiti kinachoning'inia kwenye waya, miguu ikawa inaelea hewani na upepo unaipiga, na nilipofika juu sikujua tena kama kidole gumba kipo au hakipo. Tukaingia mkahawani. Nilipovua buti, soksi ya ndani ilikuwa imelowa jasho chepechepe, na muundi wangu ulikuwa na michirizi myekundu pale soksi zilipokunjamana chini ya ulimi wa kiatu. Mdogo wangu akaipangusa miguu yangu kwa taulo, akaisugua polepole mpaka damu ikarudi, na maumivu yake yalinitoa machozi. Kisha akatoa mfukoni jozi moja ya sufu, nyembamba hata nikadhani ni ya ofisini.

"Dada," akaniambia, "kiatu ndicho blanketi. Soksi ni shuka tu."

Nilivaa jozi hiyo, nikafunga buti bila kukaza kupita kiasi, na mchana kutwa miguu yangu ilikuwa na joto. Tangu siku hiyo sijawahi kuvaa jozi mbili ndani ya buti ya skii.

Sababu si ngumu kuielewa. Mguu hupashwa joto na damu. Buti ya skii tayari ina kitambaa kinene ndani yake, kimeshonwa kwa kazi hiyo ya kuzuia baridi, na imetengenezwa ilingane na mguu pasipo nafasi ya ziada. Ukijaza soksi nene humo, au mbili, unaubana mguu, damu haifiki vidoleni, na vidole visivyofikiwa na damu hupoa hata ukivifunika kwa ngozi ya kondoo. Zaidi ya hapo, mguu hutoka jasho hata kwenye theluji, maana unafanya kazi kweli kweli. Jasho hilo likibaki kwenye soksi, linanyonya joto la mwili. Ndiyo maana mara nyingi mtu anayelalamika baridi, ukimvua viatu, unakuta tatizo ni maji na kubanwa.

Hapo ndipo pamba inapotuangusha. Pamba tunaipenda, na kwa joto la Nairobi ni nguo nzuri, lakini inanywa jasho na kulishikilia kama kitambaa cha kupigia deki. Kwa theluji, iache nyumbani.

Sufu ni jambo lingine. Unyuzi wake unaweza kubeba unyevu unaokaribia theluthi moja ya uzito wake, na bado ukaigusa usihisi kwamba imelowa. Hata ikipata maji, inaendelea kuhifadhi joto, na haishiki harufu upesi. Ninajua wengine wana kumbukumbu mbaya ya sufu kwa sababu ya zile sweta za shule zilizokuwa zikiwasha shingoni. Sufu ya kondoo aina ya merino haiwashi hivyo, maana nyuzi zake ni nyembamba sana, nyembamba kuliko unywele wa binadamu. Hata hivyo usitafute soksi ya sufu tupu, kwa sababu huchakaa haraka kisigino na vidoleni. Nzuri ni ile ambayo nusu yake au zaidi ni sufu, kisha ikachanganywa na nailoni ili idumu, na nyuzi kidogo za kunyumbuka ili ishike mguu. Kama sufu imekushinda kwa bei, au ngozi yako haiitaki, soksi ya michezo ya poliesta au nailoni itakufaa kuliko pamba, ingawa jioni itanuka.

Sasa, kwa Nairobi utazipata wapi? Yapo maduka ya vifaa vya kupandia milima, na huko utazikuta mpya, na bei yake utaihisi. Mimi huanzia soko la Gikomba. Belo za mitumba zinatoka nchi zenyewe zenye baridi, na ndani yake soksi za skii huchanganyika na za mpira, za hospitali na za watoto wa shule. Wauzaji wengi huzipanga kwa urefu bila kujua ni za nini, na ndiyo maana nimewahi kupata jozi ya merino kwa shilingi 150. Fika mapema, kabla walioamka alfajiri hawajaondoka na kamera, yaani zile bora za kuchaguliwa kwanza. Soko la Toi pia nimebahatika mara mbili tatu.

Shida ya mitumba ni kwamba karatasi inayotaja aina ya uzi ilitupwa zamani, na muuzaji kila soksi nene atakuambia ni sufu. Mjue sufu kwa moto. Nunua jozi moja kwanza, hata kama imechoka, chomoa uzi mdogo kwa ndani, ushike kwa kibanio, uuchome kwa kiberiti mbali na nguo. Sufu hunuka nywele zilizoungua, huwaka kwa kusitasita, hujizima ukiuondoa motoni, na majivu yake husagika ukiyaminya. Pamba huwaka kama karatasi na hunuka karatasi. Nailoni na poliesta huyeyuka, zikaacha kitone kigumu. Kwenye soksi iliyochanganywa utaona mchanganyiko, harufu ya nywele pamoja na kitone kidogo, na hiyo ndiyo hasa unayoitafuta. Mama mmoja ninayenunua kwake aliniona nikifanya hivyo, akashangaa, na siku hizi huchoma mwenyewe kabla ya kuniwekea kando.

Bado kuna kazi ya macho na vidole. Ingiza mkono ndani ya soksi, uinue kwenye mwanga utazame kisigino: ukiona mwanga unapita kama kwenye chujio, iache. Vuta mpira wa juu, uone kama unarudi, maana soksi inayoteremka ndani ya buti huwezi kuipandisha ukiwa mlimani na utaumia siku nzima. Pitisha kidole kwenye mshono wa vidoleni. Uwe bapa, usiwe na ukingo unaosikika. Chunguza kama kuna herufi L na R karibu na vidole. Hizo ni za mguu wa kushoto na wa kulia, na soksi iliyofumwa hivyo hukaa bila mkunjo. Nyingi za skii zina sehemu nene mbele ya muundi na nyembamba kwingine, kwa sababu mtelezaji huegemea mbele na muundi hupokea uzito wake. Na ziwe ndefu, zifike karibu na goti. Soksi inayoishia ndani ya buti, ukingo wake utakukata.

Kuhusu saizi, usinunue kubwa ili "ijae". Ukubwa wa ziada ndio unaogeuka mkunjo, na mkunjo ndio unaogeuka lengelenge. Buti za skii hupimwa kwa sentimita, kwa hiyo pima urefu wa unyayo wako jioni, wakati miguu imevimba kidogo, uandike. Ukienda kukodi, jaribu buti ukiwa umevaa soksi zile zile utakazoteleza nazo.

Wanaotumia ubao mmoja, yaani snoboadi, wana nafuu kidogo. Buti zao ni laini, zinakubali soksi nene kiasi, na mto kidogo juu ya mguu husaidia pale mkanda wa ubao unapokaza. Lakini wanaoanza hukaa chini kwenye theluji mara nyingi kufunga mikanda, na theluji hupenya pale suruali inapokutana na buti, kwa hiyo jozi ya akiba kwao ni lazima. Mengine yote ni yale yale.

Kuna soksi zenye betri za kupasha joto. Zinafanya kazi, ni ghali, na mwenye ugonjwa unaozuia damu kufika vidoleni aongee na daktari wake kuzihusu. Kwa siku mbili za likizo sioni haja.

Namna ya kuvaa ina uzito sawa na ununuzi. Usiondoke nyumbani na soksi za skii mguuni kama nilivyofanya, kwa sababu zitafika zimeshalowa. Vaa nyingine njiani, kisha ukifika pale pa kuvalia buti, pangusa miguu, vaa zile kavu. Suruali ya ndani ya baridi ikomee juu ya buti, usiiingize ndani ya soksi. Kitu cha pekee ndani ya buti kiwe mguu na soksi moja. Mchana, mkila, legeza vifungo damu ipite. Jioni toa kitambaa cha ndani cha buti kikauke, maana buti mbichi asubuhi itazilowesha soksi nzuri kuliko zote duniani.

Watu wengi zaidi wanaoniuliza, kwa kweli, wanaenda Mlima Kenya, na kwao nabadilisha ushauri kidogo. Buti ya kupandia mlima ina nafasi, na wewe unatembea kwa saa nyingi, kwa hiyo soksi nene ya sufu inafaa, hata ukiivalia juu ya soksi nyembamba laini ya kuzuia malengelenge, mradi viatu ulivijaribu nazo mapema na vidole vinacheza. Kosa ninaloliona pale kambi ya Shipton, mita 4,200, ni mtu kulala na soksi alizotembea nazo tangu asubuhi, kisha akaamka usiku wa manane kuelekea kilele cha Point Lenana na hizo hizo. Jasho la jana ndilo baridi ya alfajiri. Tenga jozi moja ya kulalia tu, uifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na nyingine kavu ya kupandia kileleni. Kule juu, mita 4,985, hakuna mtu atakayekuazima.

Ukirudi, zifue kwa mikono ukizigeuza ndani nje, kwa maji baridi au ya uvuguvugu na sabuni kidogo isiyo kali. Usizitie jiki, inaila sufu. Usizitie dawa ya kulainisha nguo wala usizikamue kwa kuzisokota. Zifunike kwa taulo, uziminye, uzianike kivulini. Julai, nguo zinapokaa kwenye kamba siku tatu bila kukauka, mimi hutandaza zangu nyuma ya friji, panapotoka joto jepesi, kamwe si juu ya jiko.

Ile jozi ya mdogo wangu ninayo mpaka leo. Kisigino cha kushoto nimekitia rafu mara mbili, kwa uzi wa sufu niliouchomoa kwenye soksi nyingine ya Gikomba, na Februari ijayo nitairudisha Innsbruck, miguuni mwangu.