Muulize Ami: Pesa zilizorudi kutoka Ohio ni kipato?

*Ami, shikamoo. Nimekuja Wete kwa harusi ya dada yangu, na mwisho wa mwezi narudi Columbus, Ohio. Juzi mwenzangu ninayekaa naye kule kanitumia kwa WhatsApp picha ya karatasi iliyoletwa na posta, Fomu 1099-G. Kisanduku cha 2 kina dola 780. Ndizo pesa ambazo jimbo lilinirudishia Aprili 2025, kwa sababu mwaka 2024 nilikatwa kodi kupita kiasi. Karatasi inasema huenda zikawa kipato cha kutozwa kodi ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani. Vipi nitozwe kodi kwa kodi yangu mwenyewe? Sina mke wala mtoto.*
*Msomaji, Wete*

Marahaba mwanangu, na harusi iwe ya kheri. Swali lako nimelijibu mara nyingi nilipokuwa nikijaza fomu za watu kule Marekani, na kila mara nilianzia sokoni Darajani.

Mama kakutuma nguru. Kakwambia, "Nunua, uniletee hesabu, nitakulipa ulichotoa." Umetoa 20,000, umemwonyesha, kakurudishia zote. Jioni muuza samaki anakwita: nilikosea mizani, chukua 3,000 zako. Hizo si zako, ni za Mama, maana ameshakulipa. Lakini kama Mama alikupa 30,000 mkononi akasema, "Kikibaki chako, kikipungua jazia mwenyewe," basi zile 3,000 ni zako na hakuna wa kukuuliza.

Serikali ya shirikisho ndiyo Mama. Ukijaza fomu unachagua njia moja kati ya mbili. Ya kwanza ni kuchukua punguzo la kawaida, yaani kiasi kinachotolewa kwenye kipato chako kabla hakijatozwa kodi, kimoja kwa kila mtu wa hali yako, bila kuonyesha risiti. Kwa asiye na mke, mwaka 2024 lilikuwa dola 14,600. Ya pili ni kuorodhesha makato yako moja moja kwenye Jedwali A: riba ya mkopo wa nyumba, kodi ya jimbo, sadaka. Aliyechukua punguzo la kawaida hakupata nafuu yoyote kwa kodi ya jimbo, kwa hiyo ikirudi si kipato. Aliyeorodhesha alishapewa nafuu kwa pesa ambayo baadaye imerudi mfukoni mwake, na hapo ndipo kifungu cha 111 cha sheria ya kodi ya Marekani kinapomdai.

Basi fanya hivi. Mwambie mwenzio afungue faili lako, atoe Fomu 1040, ile fomu ya kodi ya shirikisho, ya mwaka 2024. Ya 2024, si ya 2025, watu wengi hupotea hapa. Ukurasa wa kwanza, mstari wa 12. Ukikuta 14,600, dola zako 780 hazihesabiwi hata senti moja, na karatasi ile unaiweka tu kwenye faili.

Ukikuta namba nyengine, kubwa zaidi, tulia kwanza. Tuseme uliorodhesha hivi: riba ya nyumba 8,900, kodi ya nyumba 2,400, kodi ya jimbo na ya jiji 3,000, sadaka kwa msikiti wa huko Columbus 800. Jumla 15,100. (Ulichotuma kujenga madrasa ya Wete hakimo, na hakiwezi kuwamo: sadaka kwa taasisi ya nje ya Marekani kwa kawaida haikatwi. Thawabu yake iko pengine.) Sasa toa 780 zilizorudi, inabaki 14,320. Lakini hata bila kuorodhesha kitu ungepata 14,600. Kwa hiyo faida uliyoipata kwa kuorodhesha ni 500 tu, na hizo 500 ndizo unazoziandika kuwa kipato cha mwaka 2025, si 780 zote.

Hii 280 inayobaki, ambayo watu huiandika bure kuwa kipato, ndiyo inayoniuma. Alinijia mama mmoja wa Makunduchi, akifanya kazi ya kutunza wazee, anakesha usiku wa Jumamosi na Jumapili. Kwa miaka mitatu mtu aliyemjazia fomu alikuwa akichukua namba ya kisanduku cha 2 na kuiandika nzima nzima kuwa kipato. Mama yule hakuwahi kuorodhesha makato maishani mwake! Nilikaa naye jikoni kwake, karatasi zimetandazwa juu ya meza kando ya birika la chai, tukajaza Fomu 1040-X, ile ya kusahihisha fomu iliyokwisha kupelekwa, mwaka baada ya mwaka. Sheria inaruhusu kusahihisha ndani ya miaka mitatu tangu ulipopeleka fomu, na mwaka wa kwanza wake ulibakisha wiki chache tu. Pesa zilirudi. Laiti angekuja Ramadhani ile badala ya Shaaban, mwaka mmoja ungekuwa umekwenda na maji.

Na kama una ndugu aliyeorodhesha makato kule New Jersey, ambako kodi ni nzito, yeye ana hesabu nyengine. Mwaka 2024 makato ya kodi za jimbo na mitaa yalikuwa na kikomo cha dola 10,000. Kama alilipa 13,000 akarudishiwa 1,200, bado angelikuwa amelipa 11,800, juu ya kikomo. Nafuu yake haikubadilika, basi hatozwi. Kwa mwaka 2025 kikomo kimepandishwa hadi 40,000, kwa hiyo mwakani asitegemee jibu hili hili.

Tena, kama jimbo lilikuongezea riba kwa kuchelewa kukulipa, riba hiyo ni kipato kwa kila mtu. Na kama hukupokea pesa mkononi bali uliliambia jimbo lizihesabu kwenye kodi ya mwaka unaofuata, sheria inakuona umezipokea.

Nakala ya 1099-G imeshafika IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani. Wakikuandikia barua kuuliza, wapelekee ukurasa ule wenye mstari wa 12. Siku ya mwisho ya kupeleka fomu ni 15 Aprili, kwa hiyo picha mwombe mwenzio leo, kabla hamjaanza pirikapirika za kupika pilau la harusi.